Pale Anapovuta Pumzi

Leeds, 12 Oktoba 1958

Baba mdogo Phelim,

Shikamoo. Nawasalimu wewe na Baba kutoka huku kwenye moshi. Mimi ni mzima. Mvua imenyesha siku tisa bila kupumzika, na mama mwenye nyumba anatupikia kabeji mpaka inasahau jina lake. Wodi niliyopangiwa sasa ni ya wagonjwa wa kifua, vitanda ishirini na sita, wanaume peke yao. Mtihani wa mwisho wa uuguzi ni tarehe 9 Juni. Nipe habari za ng'ombe, na za jirani yetu Attracta, kama bado anawaletea mkate na matusi kila Jumamosi.

Sasa nije kwenye shida yangu. Jumapili baada ya misa watu wa kwetu waliovuka bahari kuja kufanya kazi huku hukusanyika katika ukumbi wa parokia wakapiga muziki mpaka saa kumi. Nilikwenda na filimbi yangu ya bati. Kuna mzee wa Sligo, Batty Scanlon, mwashi wa matofali, ndiye mkubwa pale. Nikapiga kile kibao cha Bibi. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Sehemu ya pili, pale sauti inapopanda juu, vidole vikagoma. Nilijaribu mara tatu.

"Umekitoa kwa nani, binti?" akaniuliza.

"Kwa baba yangu, Malachy Tivnan wa Arigna. Naye kwa mama yake."

"Basi rudi kwa baba yako ukachukue nusu iliyobaki. Hapa hatupokei kuku wa bawa moja."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa mdomo tu.

Nisaidie. Wewe unajua kuandika muziki kwa namba za matundu. Mketishe Baba, apige, nawe uandike kama anavyopiga yeye, siyo kama unavyopiga wewe kwa fidla. Uweke na ule msalaba wako mdogo kila anapovuta pumzi. Unajua kwenye filimbi huwezi kuvuta hewa bila kudondosha nota moja. Nataka nidondoshe zilezile anazodondosha yeye.

Jambo jingine. Barua yako ya Septemba haikuwa na mstari wa Baba pale chini. Ulimsahau, au amenisusa?

Mwanao,
Dympna


Arigna, 2 Novemba 1958

Binti yangu Dympna,

Marahaba. Tumeipokea barua yako na tumeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Ng'ombe wa kijivu amezaa ndama dume. Attracta alileta mikate miwili na tusi moja tu, tukadhani anaumwa. Gazeti la Carrick limekata habari yangu ya mazishi ya mwalimu mkuu katikati ya sentensi. Miaka thelathini nawaandikia habari za kata hii, nani kafa, nani kaoa, barabara ipi imefurika, na mpaka leo hawajajifunza kwamba sentensi ina mwisho.

Kibao umekipata. Nilimketisha kaka jikoni Jumapili iliyopita baada ya misa. Akaitoa filimbi yake kwenye rafu, ile ya zamani iliyobonyea ubavuni, akaifuta kwa shati.

"Anataka nini?"

"Sehemu ya pili."

"Na wewe mtu wa fidla ndiye utaandika filimbi? Nyie hampumui. Mko kama dalali wa mnada wa ng'ombe, maneno hayana kituo."

"Piga, Lackey," nikamwambia, kwa jina lake la utotoni.

"Napiga. Lakini uandike ninachopiga, siyo unachokijua."

"Nimewahi kuandika kingine?"

Akapiga.

Namba ni zilezile. Sifuri ni matundu yote wazi, sita ni yote yamezibwa. Namba yenye mstari juu ni ya kupuliza kwa nguvu, ile sauti ya juu. Msalaba ni pumzi. Kama unavyojua, kaka hatumii ulimi kutenganisha nota, huzikata kwa vidole, kwa hiyo alama za ulimi usizitafute, hazipo.

Kuhusu ule mstari, alikuwa na mafua tangu mwanzo wa Septemba. Leo ameandika mwenyewe.

Baba yako mdogo,
Phelim

*Sehemu ya pili usiikimbize. Ina kilima. Baba.*


Leeds, 23 Novemba 1958

Baba mdogo,

Shikamoo. Asante kwa ukurasa. Nimeutundika juu ya kitanda, wenzangu wa chumbani wanadhani ni hesabu za kamari. Mpe ndama jina. Mwambie Attracta nimeukumbuka mkate wake kuliko matusi yake.

Nimekipiga kibao chote, nikakipeleka ukumbini. Batty alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Kibao kizuri. Ila kina matundu mengi kuliko filimbi yenyewe. Baba yako alikuwa anapanda ngazi?"

Watu wakacheka tena. Safari hii sikucheka hata kwa mdomo.

Baba mdogo, nimehesabu misalaba yako. Katika sehemu ya kwanza iko miwili, kama ninavyokumbuka tangu utoto. Katika sehemu ya pili iko saba. Sehemu yenyewe haizidi muda wa kusema Salamu Maria moja. Baba niliyemwacha alikuwa anaimaliza kwa pumzi mbili na kubakiza ya kumtania mtu.

Kitanda namba kumi na nne kuna mchimba makaa wa huku Yorkshire. Anasema maneno matatu, anasimama. Matatu mengine, anasimama. Jana nilimsikiliza akiomba chai, nikaukumbuka ukurasa wako.

Baba bado anashuka mgodini? Kifua chake kina nini? Nijibu hilo kabla ya habari za ng'ombe.

Dympna


Arigna, 18 Januari 1959

Binti yangu,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. Umesubiri sana jibu. Theluji ilifunga barabara ya mlimani wiki mbili, na kabla ya hapo ilikuwa Krismasi. Kabla ya Krismasi sina sababu, kwa hiyo sitatunga. Soksi ulizomletea kaka zinamtosha. Ndama tumemwita Askofu kwa sababu ya anavyotembea.

Filimbi ya kaka inavuja. Kipande cha mti kilicho ndani ya mdomo wa filimbi kimekauka na kusinyaa. Tumeiloweka kwenye mtindi siku mbili kama mama yetu alivyokuwa akifanya, ikapata nafuu, ikaanza tena. Filimbi inayovuja hula pumzi ya mpigaji.

Mgodini hashuki tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kule chini kumejaa maji.

Dympna, mwaka 1955 uliacha masomo ukaja kumuuguza mama yako. Ulifanya vema, hakuna anayesema vingine. Lakini ulipoteza miaka miwili, na kaka aliihesabu siku kwa siku. Juni siyo mbali.

Phelim

*Soma. Baba.*


Leeds, 8 Februari 1959

Baba mdogo,

Shikamoo. Nashukuru kwa salamu za mwaka. Mimi ni mzima, zamu ni za asubuhi mwezi huu, nimepata nguo moja mpya na mafua mawili.

Filimbi inayovuja hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wewe una sikio. Ingekuwa inavuja ile Oktoba, ungeandika pembeni, "filimbi inavuja", kama ulivyoniandikia habari za ulimi ambazo sikuuliza. Na maji hujaa mgodini kila mwaka tangu mimi sijazaliwa, wanaume huyavuta kwa pampu na kazi huendelea. Baba amelala ubavu kwenye maji hayo miaka thelathini na mmoja akichimba tabaka la makaa lisilofikia kimo cha meza. Msimu huu tu ndiyo yamemfukuza?

Usikasirike. Najua kuna mtu amekufunga mdomo, na najua ni nani, maana ni mmoja tu unayemtii.

Basi tufanye hivi. Usiniambie neno lolote juu ya kifua chake. Niandikie kibao tu. Kila mwezi mketishe apige, uandike unachosikia, misalaba na yote, unitumie. Hapo hujavunja ahadi ya mtu. Mimi nitahesabu mwenyewe.

Kwa Mama nilikuwepo. Nilimfumba macho kwa mkono huu ninaoandikia. Nataka niwepo na kwa Baba. Sitaki kingine kutoka kwako wala kwake.

Dympna


Arigna, 8 Machi 1959

Binti yangu,

Marahaba. Ndani ya bahasha kuna majani ya shamroki ya kubandika kifuani Siku ya Mtakatifu Patriki. Attracta ameyachuma mwenyewe ukingoni mwa ziwa, na anasema ukiyaacha yanyauke kabla ya tarehe kumi na saba atakuandikia yeye, na mwandiko wake unaujua. Askofu amekula taulo la kanisa lililoanikwa uani. Tumenunua mbegu za viazi.

Nimefikiri juu ya ombi lako wiki tatu. Sioni kosa katika kuandika muziki.

Kaka alipiga Jumapili hii kabla ya chakula cha mchana. Attracta alikuwa anamenya viazi.

"Lackey," akasema, "kibao hicho kimezeeka kuliko wewe."

"Kimezeeka, lakini kinatembea," kaka akasema. "Mimi kinaniacha njiani."

"Basi kiite kikusubiri."

"Nimekiita. Kiziwi."

Alipomaliza sehemu ya kwanza Attracta alipakua viazi, kwa hiyo nimeandika hiyo moja tu. Ukurasa uko ndani.

Phelim

*Baba*


Leeds, 5 Aprili 1959

Baba mdogo,

Shikamoo. Shamroki zilifika mbichi, nilizivaa wodini na matroni akajifanya hakuziona. Pasaka nilikuwa kazini.

Misalaba sita. Katika sehemu ya kwanza, ile rahisi, ya chini, ambayo mtoto huimaliza kwa pumzi mbili. Tena mmoja umeuweka katikati ya kikato cha vidole, mahali ambapo hakuna mpigaji anayekata kwa hiari yake. Viazi vya Attracta sijavisadiki. Hakupiga sehemu ya pili kwa sababu hana uwezo wa kuifikia.

Mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne alifariki Jumatano. Nilijua wiki moja kabla.

Matroni amesema anaweza kunipa ruhusa. Nikiondoka nitakosa mazoezi ya wodi na pengine mtihani pia, lakini nitaondoka. Andika neno moja, "Njoo", nitakuwa kwenye meli siku hiyohiyo.

Dympna


Arigna, 19 Aprili 1959

Binti yangu,

Marahaba. Tumepanda viazi.

Neno uliloliomba sitaliandika. Nilimsomea kaka barua yako yote, kwa sababu ameomba nimsomee yote. Haya ndiyo majibu yake, nimeyaandika akiyasema: "Akikatiza masomo tena sitamfungulia mlango. Anajua sijawahi kurudisha neno. Aje tarehe kumi Juni, aje na cheti au bila cheti, lakini awe amekaa kwenye kiti cha mtihani."

Nikamwambia, "Lackey, huyu ni mtoto wako wa pekee."

Akasema, "Ndiyo maana."

Nitakuletea ukurasa mwingine Mei.

Phelim

*Tarehe kumi. B.*


Arigna, 24 Mei 1959

Binti yangu,

Salamu kutoka kwetu. Kumekuwa na ukame kidogo, mashamba yanataka mvua. Alhamisi ilikuwa kavu mpaka jioni, na barabara ya mlimani ilipitika. Attracta anakusalimu, safari hii bila tusi.

Kikohozi cha baba yako kimeacha. Tangu Jumanne hajakohoa.

Nakutumia kibao kama nilivyoahidi, sehemu zote mbili. Soma vizuri kwa ajili ya tarehe tisa. Alitaka hilo kuliko kitu chochote.

Phelim


Leeds, 28 Mei 1959

Baba mdogo,

Barua yako imefika leo saa sita. Nilifurahi kwa saa mbili. Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu hakohoi tena. Mmoja wao alininunulia keki.

Kisha nikachukua filimbi nikaupiga ukurasa wako. Mwisho wa mstari wa pili nilikuwa nimeishiwa hewa, nikatafuta msalaba. Haupo. Nikauangalia ukurasa wote, mbele na nyuma. Hakuna msalaba hata mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kupuliza filimbi hivyo, mzima wala mgonjwa. Hiyo ni fidla. Umeandika mkono wako mwenyewe ukasahau kwamba filimbi ina mtu nyuma yake.

Na pale chini hakuna mstari.

Niliisoma barua upya. "Alitaka." Kwa nini isiwe "anataka"?

Napanda meli Jumapili. Usije kunipokea.

Dympna


Leeds, 11 Oktoba 1959

Baba mdogo,

Shikamoo. Ni miezi minne na nusu. Nilidhani sitaandika tena.

Nilifika tarehe mosi Juni nikakuta kaburi lina siku kumi na moja. Attracta ndiye aliyenionyesha, wewe ulibaki getini umevua kofia. Ulinikaangia yai. Sikulila. Sikukuambia neno siku mbili, nikaondoka, na tarehe tisa nilikuwa nimelala na homa Leeds wakati wenzangu wameketi kwenye viti. Kwa hiyo amri ya Baba haikumfaa mtu. Sikumwona, na mtihani sikuufanya. Nakuandikia hili ulijue, maana wewe ni mtu wa kujua mambo yalivyoishia.

Mtihani nimeufanya Jumanne iliyopita. Matokeo bado.

Filimbi sijaigusa. Batty alikuja mwenyewe mpaka hosteli, amevaa tai. Nilimwambia. Akasema, "Basi sasa kibao kinatolewa kwako. Mtu akiuliza, watasema kimetoka kwa binti Tivnan." Nikamwambia sina sehemu ya pili. Ninayo iliyojaa matundu, na ninayo ya fidla. Ya Baba sina.

Mimi siyo hakimu. Nataka habari, kama unavyoiandikia kata. Alipiga lini mara ya mwisho? Alisema nini? Na kwa nini ukurasa ule haukuwa na misalaba? Ulisahau?

Dympna


Arigna, 8 Novemba 1959

Binti yangu,

Marahaba, na asante kwa kuandika. Nyumba ni nzima. Askofu ameuzwa kwa mtu wa Ballinamore mwenye uzio imara. Attracta anaumwa goti na anamlaumu Papa. Fidla nimeining'iniza ukutani, uso umeelekea ukuta, kwa sababu nyumba yenye msiba haipigi muziki mpaka mwaka uishe. Hilo unalijua.

Umeomba habari. Hizi hapa.

Daktari alimwambia kaka mwezi Agosti 1958 kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe. Hakuna dawa. Siku hiyohiyo aliniapisha jikoni, mkono wangu juu ya kitabu cha sala cha mama yetu, Attracta shahidi. Maneno yake yalikuwa, "Asiitwe. Nikifa asiitwe, mpaka tarehe tisa Juni ipite." Nilimwambia ni kosa. Akasema, "Ni kosa langu, wewe liandike tu." Niliapa. Leo nisingeapa. Siandiki hili ili unisamehe.

Kupiga kwa mara ya mwisho, kwa pumzi yake, ni Machi, ukurasa unao. Viazi vilipakuliwa kweli, lakini vilipakuliwa kwa sababu Attracta aliona uso wake.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 17 Mei, saa tisa alasiri, aliomba filimbi. Alikuwa amekaa kitandani, mito minne mgongoni. Aliiweka mdomoni. Haikutoa sauti. Akaiangalia kama inavuja.

"Chukua lile sanduku lako," akaniambia. Alimaanisha fidla.

"Nipige nini?"

"Unajua."

Nikaanza. Yeye aliishika filimbi juu ya blanketi, akawa anaweka vidole kwenye matundu bila kupuliza, akinifuata. Nilifika katikati ya mstari wa pili wa sehemu ya kwanza, akanyanyua mkono wote.

"Hapo. Unakimbilia wapi?"

"Napiga, Lackey."

"Simama hapo. Mtu hupumua hapo."

Nikasimamisha upinde. Akashusha mkono, nikaendelea. Sehemu ya pili alinisimamisha mara mbili. Siyo saba. Mbili tu, mahali pale alipokuwa akipumua zamani, kabla ya vumbi. Tulirudia mara nne mpaka mkono wangu ulipojua. Mara ya nne hakunyanyua mkono, nilisimama mwenyewe. Akasema, "Miaka hamsini, leo ndiyo umejifunza." Attracta akasema, "Mwacheni alale." Akasema, "Msichana akija mpe mbili hizo. Saba asizipige, zile zilikuwa ugonjwa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoweza kuyathibitisha. Jumatatu hakuzungumza. Alifariki Jumanne saa moja na robo asubuhi. Tulimzika Alhamisi. Ilikuwa kavu mpaka jioni.

Jumapili iliyofuata niliketi kukuandikia. Nilikuwa nimekuahidi ukurasa. Nilikwepa kuandika uongo, kwa hiyo nikaandika kweli iliyopindika, nayo ni mbaya zaidi. Kikohozi kiliacha kweli. Niliandika namba zote, sehemu zote mbili. Kisha nikaanza kuweka misalaba.

Ulidhani nilisahau, kwa kuwa mimi ni mtu wa fidla. Sikusahau. Kalamu ilikuwa imeshafika juu ya nota ya kwanza. Lakini nilikuwa nimekuahidi kuandika ninachosikia, na wiki ile nilikuwa sijasikia pumzi yoyote. Miaka thelathini nimewaandikia watu wa kata hii, na sijawahi kuweka jambo ambalo halikutokea. Kifo chake niliweza kukizungukia kwa maneno. Pumzi yake sikuweza kuighushi. Nikautia ukurasa kwenye bahasha bila msalaba hata mmoja. Nadhani nilijua kwamba utahesabu.

Filimbi yake iko ndani ya kifurushi hiki. Nimeifunga kwa shati lake. Usiioshe kwanza, ndani bado kuna vumbi la mgodi, litatoka lenyewe ukipuliza. Tundu la pili kutoka chini alilipunguza kwa nta, usiibandue.

Ukurasa mpya uko pamoja nayo. Misalaba ni minne, miwili katika kila sehemu, mahali aliponyanyua mkono. Hiyo niliiona kwa macho.

Tarehe 19 Mei mwaka utakuwa umeisha, nitaigeuza fidla. Nitasimama palepale. Majirani watadhani nimesahau kibao. Ukija, mlango hauna amri tena. Usipokuja, Batty akikuuliza umekitoa kwa nani, sasa una jibu kamili.

Chini nimeacha nafasi ya mstari mmoja, kwa mazoea.

Baba yako mdogo,
Phelim